Kitanda cha Kipa

Jino langu la mbele liling'olewa na mwalimu wa kanisa. Kule kwetu milimani, wakati nikiwa kijana wa kuchunga, daktari alikuwa mbali na mwalimu wa kanisa alikuwa karibu, tena alikuwa na koleo. Koleo lenyewe lilikuwa la kukaza seng'enge ya ua wa misheni. Siku za juma alikaza ua, Jumamosi aling'oa meno, Jumapili akatufundisha Amri Kumi kwa mikono ile ile. Ukienda kwake na jino, alikubana kichwa katikati ya magoti, akaanzisha wimbo, nawe ulitakiwa kuitikia. Ubeti wa kwanza anatafuta. Ubeti wa pili anashika. Kiitikio kikifika anavuta, na ukipiga kelele majirani wanadhani umeguswa na Roho.

Mimi alinivuta jino zima. Lile gonjwa likabaki pale pale. Nikamwambia, "Mwalimu, si hilo." Akaligeuza lile alilolishika, akalitazama juu na chini, akasema, "Basi tuimbe tena."

Ndiyo maana nina pengo la meno mawili. Mama alinipa maji ya chumvi, na wasichana wa mtoni walinicheka mpaka mavuno. Lakini siku moja nikiwa na ng'ombe nilipuliza hewa kwenye hilo pengo nikatoa mluzi ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine. Ng'ombe wa ng'ambo ya bonde waliinua vichwa. Baba aliposikia alisema mtu anayeita ng'ombe wa ng'ambo hana haja ya karo, na hapo masomo yangu yakaishia. Simlaumu. Karo haikuwepo hata kama nisingejua mluzi. Kwa hivyo ukiona koma mahali pabaya katika maandishi haya, ujue hapo ndipo nilipovuta pumzi.

Mluzi huo nilikuja nao Nairobi, mimi na blanketi moja, nilipomfuata mjomba wangu aliyekuwa seremala upande wa Makadara. Mjini mluzi hauna kazi. Ukiupiga, anakuja mbwa ama anakuja polisi. Mjomba alinipa randa na msumeno, akanifundisha vitanda, maana alisema mtu atakubali kula chini lakini akishaoa hatakubaliwa kulala chini. Tulifanya kazi nje, kando ya barabara, mabati machache juu na vumbi la mbao hadi kwenye chai. Mjomba alipozeeka akarudi nyumbani, chumba chake katika zile nyumba za baraza la mji kikabaki kwangu. Nikaoa humo, nikapata watoto wawili humo. Na nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kiwanja.

Kiwanja hicho ndicho kilichoupa mluzi wangu kazi. Hakikuwa na jani hata moja, kilikuwa murram tupu, mchezaji akianguka anaamka bila ngozi ya goti. Timu ya mtaa ilicheza hapo, ligi ya daraja la chini ambayo magazeti hayakuitaja. Kila shabiki alikuwa na mahali pake. Mimi nilikaa nyuma ya goli la upande wa reli, juu ya ubao wangu mwenyewe, na adui akitokea upande ambao kipa haoni, napiga mluzi. Wageni walilalamika sana. Refa mmoja alisimamisha mchezo, akaja mpaka kwangu, akaninyoshea mkono nimpe hiyo filimbi. Nikamfungulia mdomo.

Lakini nilitaka kusema habari ya Januari. Watu wengi wanaipenda timu siku ya fainali. Mimi niliipenda Januari, kabla ligi haijaanza, wachezaji wakifanya mazoezi. Jua la mwezi huo linachoma mpaka murram unakuwa unga. Watu wametoka kwao kula Krismasi, wamerudi na matumbo. Saa kumi jioni ninaweka randa chini, ninaenda kiwanjani nikiwa bado na maranda kwenye nywele, nakuta wachezaji wanatoka mmoja mmoja, huyu na njumu begani, yule peku. Januari hakuna timu iliyofungwa. Wale waliotunyanyasa mwaka uliopita hawana bao hata moja, sisi nasi hatuna, tuko sawa mbele ya Mungu. Unakaa kwenye ubao wako unatazama watu wakikimbia, na moyo unakwenda mbele yao.

Siku hizi ninakaa kwa binti yangu, mtaa wa Pipeline, nyumba zimepandana mpaka dirisha langu linatazama dirisha la mtu mwingine akikaanga vitunguu. Januari ikija hapa huijui isipokuwa kwa sare za shule. Pua yangu bado inalitafuta lile vumbi. Wacha niendelee.

Januari ninayoizungumzia ni ya miaka ya sabini ikielekea kwisha. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumebakisha mechi moja tupande daraja, tukaipoteza. Kwa hivyo kamati ilituletea kocha mpya, karani wa stesheni, mtu mwembamba mwenye soksi ndefu, na huyo kocha alikuja na mambo yake. Juma la kwanza hakutoa mpira. Alikimbiza watu tu. Walizunguka kiwanja, wakapanda kuelekea barabarani, wakarudi, wakabebana mgongoni kama magunia.

Jirani yangu pale kando alikuwa mwenye duka la mtaa wetu. Babake alizaliwa hapa Nairobi na yeye akazaliwa hapa, mtu wa kofia na msikiti, na alikuja mazoezini na stuli yake. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia.

"Bwana kocha! Hili ni jeshi ama ni mpira?"

"Pumzi kwanza, mzee wangu."

"Pumzi hata mimi ninayo. Nipe jezi."

Watu wakaangua kicheko, lakini juma la pili mpira ulipotoka, tuliona. Winga wa kushoto alikuwa amelima kwao mwezi mzima, alirudi amekauka kama fimbo, akigusa mpira huoni mguu. Wale wa katikati walikuwa wanapeana bila kutazamana. Beki mmoja tu ndiye aliyekuwa ameoa Desemba, akanenepa shingo.

"Amelishwa huyu," mwenye duka akasema. "Sasa hakabi mtu, anamkaribisha."

"Atapungua," nikasema.

"Mke akijua kupika hapungui. Muulize mwenzako hapa," akajipiga tumbo.

Timu ilikuwa nzuri. Nimeona timu nyingi za mtaa ule na ile ilikuwa nzuri kuliko zote, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya goli tupu. Kipa wetu hakuwa amerudi.

Huyo kipa nilimpata mimi. Nilikuwa nimeenda sokoni kutafuta mbao za masanduku, nikakuta lori la kabeji kutoka Kinangop linapakuliwa. Mmoja amesimama juu anarusha, mmoja chini anadaka na kupanga. Aliyekuwa chini alikuwa kijana mrefu sana, mtu wa magharibi, anadaka kabeji huku anabishana na mama mmoja habari ya ndizi. Hatazami. Mkono unaenda wenyewe. Nikapiga mluzi ili nione. Akageuza shingo kunitafuta, na kabeji mbili zikaja zikifuatana, akazipokea zote mbili akiwa ananitazama mimi. Nilisahau mbao.

Sasa, timu yetu ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko za refa. Achezaye ni alalaye hapa. Sheria hiyo ilitungwa kwa uchungu. Zamani kamati ilikodisha wachezaji kutoka kila pembe, tukashinda kombe, na jioni ile watu walipotaka kuwabeba mabegani na kuwazungusha mtaani, wachezaji wote walikuwa wameshapanda basi kwenda kwao. Mtaa mzima ukabaki na kombe na hakuna mtu wa kubeba. Wakambeba mchunga jezi, na ilikuwa aibu. Tangu hapo ikasemwa, kama hulali hapa huchezi. Na haikuwa ya mdomo tu. Wazee wawili wa kamati walipita asubuhi kwenye mfereji wa maji, wakikuona umeshika ndoo kwenye foleni na akina mama wanakusukuma kama wanavyosukumana wao kwa wao, basi wewe ni mtu wa mtaa.

Kwa hivyo nilimpa kipa mahali nyuma ya pazia. Chumba chetu kilikuwa kimoja kama vya wote, upande huu sisi na watoto na jiko, upande ule masanduku, katikati pazia la maua. Nilitoa masanduku nikamtengenezea kitanda. Hicho ndicho kitanda kirefu kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, mvule kwenye miguu, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa mrefu, na hata hivyo nilikosea. Nilipima mtu aliyesimama. Mtu akilala anarefuka, seremala yeyote angeniambia, na mimi ndiye seremala. Miguu ilitokeza nje ya pazia, ikafika karibu na jiko. Asubuhi mke wangu akitaka kuchemsha chai, anaizunguka.

"Habari ya asubuhi, miguu," anasema.

"Nzuri, mathe," miguu inajibu.

Alikaa nasi misimu mitatu. Siwezi kueleza fahari niliyokuwa nayo. Nikifika kazini watu wananiuliza, "Ameamkaje?" nami natoa taarifa: amekula, amekohoa kidogo, kiwiko hakimuumi tena. Wengine walikuja kununua kitanda ili tu waulize. Nilijua kifundo chake kibaya ni cha mkono wa kushoto. Nilijua tukifungwa analala akitazama ukuta. Chai ya asubuhi tulikunywa pamoja, nami nikaanza moja kwa moja.

"Lile bao la pili. Ulitoka mapema."

"Labda, mzee."

"Si labda. Ulitoka. Ungengoja mguu wa pili."

"Ndiyo, mzee."

"Na lile la kwanza nalo..."

Mke wangu alikuwa anasema, "Mwache anywe chai," na mimi nasema tunazungumza tu. Alikuwa mpole. Hakuwahi kunijibu vibaya hata siku moja. Desemba ikifika alipanda basi kwenda kwao, na juma la kwanza la Januari anarudi na mfuko wa njugu, anauweka mezani, anaingia nyuma ya pazia, na mwaka unaanza.

Mwaka huo juma la kwanza lilipita. Nikasema ni mabasi. La pili likapita. Mke wangu naye alikuwa na jambo lake, jambo la haki, sikatai. Dada yake mdogo alikuwa amepata nafasi ya kujifunza cherehani huku mjini na hakuwa na pa kulala.

"Baba watoto, ndugu yangu anakuja mwezi ujao. Atalala wapi?"

"Kipa anarudi."

"Anarudi lini?"

"Januari."

"Na hii ni nini?"

Akacheka kidogo, maana si mwanamke wa vita, akasema, "Nitakungojea mpaka mechi ya kwanza. Siku refa akipuliza na huyo kijana hayuko, kitanda ni cha ndugu yangu. Akiwa yuko, nitamtafutia ndugu yangu kwa watu wa kanisa, na sitasema neno."

Ikawa hivyo. Nami nilijua, bila kuambiwa na wazee wa kamati, kwamba kitanda kikishalaliwa na shemeji, kipa hana mahali mtaani, na asiye na mahali hachezi.

Basi jioni nilikaa nyuma ya goli nikitazama yale waliyokuwa wanayafanya bila kipa. Kocha alijaribu kumweka yule msaidizi wa buchari, mtu wa kifua, anayebeba ng'ombe nusu begani. Tukadhani tumepona. Winga alipopiga shuti la kwanza, mtu wa buchari aliinama.

"Wee! Mpira hauna pembe!" mwenye duka alimpigia kelele.

"Ulikuja kwa uso!"

"Ulitaka uje kwa posta?"

Kesho yake akamweka beki mnene, kwamba ataziba. Mpira ulipita katikati ya miguu yake taratibu kama mgeni anayebisha hodi. Baada ya hapo wakawa wanapiga goli tupu, na mipira inanifikia mimi kwenye ubao, narudisha kwa mguu. Mmoja ulikuja kwa nguvu ukanigonga kifua, na nilikaa hapo nikiwaza sauti ya viganja vyake. Mpira ukidakwa vizuri kuna sauti, pah, fupi, haina mwangwi. Nilikuwa naitamani sauti hiyo kuliko chakula. Nilimwona winga anavyopaa, nikajua tungepanda daraja. Nilijua kama unavyojua mbao nzuri kabla hujaipiga randa. Kila kitu kilikuwepo ila yeye, na nilikuwa ninaogopa kufurahi.

Nyumbani nilianza kushughulikia kitanda. Nililitoa godoro juani. Nikaongeza kipande upande wa miguu, nikakiunga kwa gundi na misumari, ili safari hii asitokeze. Mke wangu alinitazama nikipiga msasa.

"Ndugu yangu ni mfupi," akasema.

"Simtengenezei ndugu yako."

"Najua. Ninasema tu."

Siku nyingine nilitoka kazini nikapitia stendi ya mabasi ya magharibi. Nilijiambia ninatafuta misumari. Mabasi yaliingia, watu wakashuka na kuku na mikungu ya ndizi, na kila mtu mrefu aliyeinama kupita mlangoni nilimwona ni yeye mpaka alipoinua uso. Kondakta mmoja akaniuliza, "Mzee, unapokea nani?" Ni ndugu? Si ndugu. Ni mpangaji? Halipi. Nikasema, "Napokea kipa." Akasema kipa hana kwenye basi lake, ana mbuzi wawili.

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi ya kwanza, kocha alifanya mazoezi mepesi. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Mwenye duka ndiye aliyemwona kwanza.

"Simama uone," akaniambia. "Simama, wewe, acha kukalia ubao."

Alikuwa anakuja kutoka upande wa Jogoo Road, kwa ile hatua yake ndefu, kama mguu unachota maji. Hakuwa na begi. Alivaa suruali ndefu iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi. Wachezaji wakamkimbilia, wakamrukia, beki mnene akamwinua juu. Kocha, ambaye hakuwahi kumwona, aliuliza ni nani, na winga akamwambia, "Ngoja."

Alivua viatu akavipanga nje ya nguzo ya goli. Akakunja suruali mara mbili. Akaingia golini peku.

Winga alipiga la kwanza chini, pembeni. Pah. La pili juu. Pah. Beki akapiga kwa hasira ya ndoa, likaja kama jiwe, akalitoa kwa kidole kimoja juu ya mwamba. Watu walianza kutoka majumbani. Akina mama walikuja na ndoo zao wakasimama. Nilipiga mluzi kila upande, hata pasipokuwa na hatari, na yeye anacheka huku anaruka, vumbi linampaka ile pasi yote. Adhana ikasikika kutoka msikitini. Mwenye duka akainuka, akakaa, akainuka tena, akachukua stuli akaenda akitembea kinyumenyume ili asikose. Mimi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Nilishapiga hesabu ya mwaka mzima. Nilishampandisha daraja, nilishambeba begani na kumzungusha mtaani mpaka mlangoni kwetu.

Kocha alipopuliza mwisho, kipa alikuja nyuma ya goli akaketi kwenye ubao wangu, akaanza kujifuta nyayo kwa soksi.

"Twende," nikamwambia. "Mathe hajui umekuja, atapiga kelele. Kitanda nimekirefusha. Sasa miguu inaingia."

"Keti kidogo, mzee."

Nikaketi.

"Hicho kitanda mpe mtu."

"Ni chako."

"Nimepata chumba Umoja, kwenye zile nyumba mpya. Niko na mke wangu na mtoto. Tulikuja nao baada ya Krismasi."

"Mke gani?"

"Wangu."

"Umeoa Desemba? Nyinyi nyote mmeoa Desemba?"

Alicheka. "Mzee, siku uliyonikuta na kabeji nilikuwa na mke. Mtoto sasa anatembea."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anavyokuelekeza njia. Nami nikapitia asubuhi zote za misimu mitatu, chai yote ile, na kweli sikupata hata mahali pamoja nilipouliza. Nilijua kifundo cha mkono. Nilijua anavyolala. Zile njugu nilizitafuna kila Januari sijauliza nani alizipanda.

Basi nikafanya anachofanya mtu mwenye timu. Nikaanza kupanga.

"Walete hapa. Pazia tutalisogeza. Shemeji yangu ataenda kwa watu wa kanisa."

"Sisi watatu na nyinyi wanne?"

"Chumba ni kikubwa."

"Si kikubwa, mzee."

"Sawa. Kaa Umoja. Umoja si mbali. Asubuhi unakuja mapema, unasimama kwa mfereji, wazee wakipita wanakuona."

"Nibebe ndoo kutoka Umoja?"

"Ndoo nitakuwekea mimi!"

Hapo alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi pia nikacheka, na kwa muda kidogo nilidhani nimeshinda. Kisha akavaa kiatu kimoja, akakifunga kamba polepole.

"Kwako nilikula vizuri," akasema. "Mathe ni mama yangu. Lakini mzee, pale kwako nikifungwa bao, nalala nalo. Asubuhi nakunywa nalo chai. Hata watoto wako walijua lilipopitia. Nikiingia kwangu sasa, mtoto ananiuliza nimemletea nini, basi. Nikimpa ndizi, amenyamaza."

"Cheza kesho tu. Kesho peke yake."

"Kesho nina lori."

"La kabeji?"

"La kabeji."

Akavaa kiatu cha pili. Akasimama, akakung'uta suruali lakini vumbi lile halitoki, akanipa mkono wa kulia akiushikilia kwa wa kushoto, kama kwao wanavyowapa wakubwa. Akasema nimsalimie mathe. Nikasema nitamsalimia.

Hakuzunguka kiwanja. Alikatiza katikati, mikono mfukoni, na wachezaji waliokuwa wanavua njumu wakainua vichwa. Kocha akamwita, "Kesho saa nane, kijana! Usichelewe!" Yeye akainua mkono mmoja bila kugeuka, na kila mtu pale alidhani ni ndiyo. Alifika barabarani. Kulikuwa na magari mengi ya jioni, akangoja, likapita basi, likapita lori, akapata nafasi akavuka, na kile kichwa chake nilikiona juu ya watu kwa muda mrefu kikielekea upande wa Umoja. Hakurudi.